Waliopanda Mlima wa Kolo

Uingiapo mwezi wa Juni, mvua huku kwetu katika nchi ya kati imekwisha kukatika zamani, mtama na uwele umekwisha kuvunwa na kutiwa ghalani, na upepo wa kipupwe wavuma usiku na mchana. Ndiyo majira ambayo shule hufungwa, wanafunzi wakarudi makwao kupumzika. Tena ndiyo majira yaliyo mema kupita yote kwa mtu apendaye kutembea kwa miguu, maana jua si kali kama la mwezi wa Oktoba, majani yamekauka hata nyoka aonekana kwa mbali, na makorongo hayana maji ya kumzuia mpita njia. Kwa hiyo katika maongezi ya leo twapenda kuwaeleza wasikilizaji wetu habari za safari ya siku moja ya kupanda mlima. Lakini zaidi twapenda kuwaeleza habari za watu waliopanda mlima huo kabla yetu, na shauri moja tulilolikuta huko ambalo hata leo halijatutoka moyoni.

Labda msikilizaji atauliza, "Dodoma kuna mlima gani?" Swali hilo ni la haki. Nchi yetu ni uwanda ulioinuka. Mji wa Dodoma wenyewe uko juu ya bahari kwa mita 1,100 na zaidi, lakini mtu akisimama hapo huona tambarare, mibuyu na miiba tu. Hatuna mlima wenye theluji kama Kilimanjaro, wenye mita 5,895. Tulivyo navyo ni vilima vya mawe vilivyosimama peke yake uwandani, mfano wa ng'ombe waliolala. Na upande wa kaskazini, katika wilaya ya Kondoa, kuna milima ya Irangi, ambayo ukingo wake wa mashariki hushukia mbuga za Wamasai. Milima hii si mirefu. Mtu mwenye afya hupanda asubuhi akarudi kabla ya jua kuchwa. Lakini haifai kuidharau kwa sababu ya ufupi wake, kama vile haifai kumdharau mzee kwa sababu ameinama.

Sisi tuliozaliwa huku twajua kwamba kupanda mlima bila haja ni jambo geni. Wazee wakimwona mtu mzima akwea mawe asubuhi, naye hana shoka, wala mzinga wa nyuki, wala hafuati mbuzi aliyepotea, humwuliza, "Umepoteza nini huko juu?" Wala swali hili si la wazee wetu peke yao. Huko Ulaya, wachungaji na wawindaji wa milima ya Alps walikaa chini ya Mont Blanc vizazi vingi bila kuona sababu ya kufika kileleni. Hata mwaka 1786 ndipo watu wawili wa bonde lile, Jacques Balmat na Michel Paccard, walipofika juu. Na kilele cha Kilimanjaro hakikufikiwa na Wazungu mpaka mwaka 1889, alipopanda Mjerumani Hans Meyer pamoja na mwenzake Ludwig Purtscheller, wakisaidiwa na wapagazi na viongozi Waafrika. Basi, kupanda mlima kwa kujifurahisha si desturi ya kale sana popote duniani. Lakini kupanda mlima kwa sababu ni desturi ya kale mno, na mlima wa Kolo ni shahidi wake.

Kolo ni kijiji kilicho kando ya barabara itokayo Dodoma kwenda Babati na Arusha, mbele ya mji wa Kondoa kwa yule atokaye Dodoma. Barabara hiyo ni sehemu ya ile ambayo Waingereza waliiita Barabara Kuu ya Kaskazini, nao walitumaini kwamba siku moja mtu ataweza kwenda kwa motokaa toka ncha ya kusini ya Afrika mpaka Misri. Kwa miaka mingi sehemu yetu ilikuwa ni vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na abiria walilipa nauli kisha wakashuka kusukuma gari. Mwaka 2018 barabara ya lami toka Dodoma mpaka Babati, yenye kilometa 251, ilifunguliwa. Na siku hizi atokaye Dodoma alfajiri aweza kufika Kolo mapema, akawa na siku nzima mbele yake.

Kijijini ipo ofisi ya mambo ya kale, na hapo kila mgeni hana budi kupita ili apate kibali na kiongozi. Toka hapo mpaka chini ya mlima ni mwendo wa kilometa 9 hivi. Wenye magari huenda kwa gari. Sisi huenda kwa miguu na wanafunzi wetu, maana mtu aendaye kwa miguu huona mengi, tena huuliza mengi. Njia yapita katika mashamba ya mahindi na mtama, kisha yaingia msituni, kisha yaanza kupanda. Mwisho wake ni mkali. Mawe yamelundikana juu ya mawe, na mizizi ya miti imepenya katikati yake kama vidole vya mtu aliyeng'ang'ania kitu. Wanafunzi waliokuwa wakiimba hunyamaza, na kila mmoja husikia pumzi zake mwenyewe. Hatimaye wafika mahali ambapo mwamba mkubwa umeinama mbele kama upenu wa nyumba. Chini ya upenu huo mvua haipigi, wala jua la adhuhuri halifiki. Hapo ndipo zilipo picha.

Mtu aingiaye mara ya kwanza haoni kitu. Huona ukuta wa jiwe wenye madoa. Lakini macho yakizoea kivuli, madoa yageuka kuwa miguu, na miguu yageuka kuwa mnyama: huyu ni twiga, huyu ni pofu, huyu tembo. Kisha waonekana watu, wembamba na warefu kupita kiasi, vichwa vyao vikubwa vya mviringo kana kwamba wamesuka nywele au wamevaa kitu kichwani. Wengine wasimama, wengine wainama, wengine kama wacheza ngoma. Nyingi za picha hizi ni za rangi nyekundu iliyoiva, yaani ya ngeu, lile jiwe jekundu ambalo maseremala wa zamani walilitumia kupigia mistari. Mistari mingine ni myembamba kama uzi. Aliyeichora alikuwa na mkono uliotulia, na kifaa chembamba cha kupakia rangi. Huyu hakuwa mtoto aliyechezea udongo.

Ni nani hao waliopanda kwanza? Walikuwa ni watu waliowinda nyama na kuchimba mizizi, kabla jembe halijaja katika nchi hii. Katika mapango ya Kisese, yaliyo katika wilaya hiyo hiyo ya Kondoa, mwaka 1956 bingwa mmoja wa mambo ya kale, Ray Inskeep, alichimba chini akapata vitu vya watu waliokaa humo zama baada ya zama. Miongoni mwa vitu hivyo zimo shanga zilizotengenezwa kwa ganda la yai la mbuni. Na mabingwa waliovipima tena vitu hivyo katika siku zetu hizi wametangaza kwamba shanga za chini kabisa zapita miaka 40,000. Mwanafunzi aangalie hapa. Umri wa shanga si umri wa picha. Mtu aweza kukaa katika nyumba ya kale akapaka rangi ukutani jana. Katika hesabu ya umri wa picha mabingwa hawajapatana, kwa hiyo mwalimu asiwaandikie watoto ubaoni namba moja kana kwamba imekatwa na hakimu.

Watu wengi huzihusisha picha nyekundu na wazee wa Wasandawe, ambao bado wapo, wakikaa upande wa magharibi, pande za Kwa Mtoro na Farkwa. Lugha yao ina sauti za kualika ulimi, nayo haifanani na Kirangi wala Kigogo. Eric ten Raa, aliyekaa na Wasandawe akajifunza mila zao, aliandika mwaka 1971 kwamba katika nchi yao kazi ya kuchora mwambani haikuwa jambo lililokufa zama za kale, bali iliendelea mpaka nyakati zilizo karibu na zetu. Basi kumbe waliopanda kwanza hawakupotea kama moshi. Wajukuu wao tulisoma nao darasa moja.

Walipanda kwa sababu gani? Hapa twatoa mfano mmoja tu. Katika mmoja wa miamba ya Kolo pana picha ya watu watano. Aliye katikati ameshikwa mikono. Wawili wamvuta upande huu, na wawili upande huu. Bibi Mary Leakey, ambaye tutamtaja tena, aliitazama picha hii akaona mwanamke atekwaye na watu waliovaa vinyago, na wenzake wajaribu kumwokoa. Wengine waliokuja baadaye, wakiwa wamejifunza desturi za Wasandawe, waliitazama picha ile ile wakasema: La, hapana vita hapa. Wasandawe wana ngoma iitwayo simbo, ambayo mchezaji hupandwa hata akatoka katika hali yake ya kawaida, na wenzake humshika asianguke. Basi labda hawa wanne hawagombani. Wote wamsaidia mmoja. Tunapowaonyesha wanafunzi picha hii huwataka kwanza waandike wanachokiona, ndipo tuwape maelezo hayo mawili. Wengi huandika "vita." Wakisha kuambiwa habari ya simbo, huitazama tena, na twaona nyuso zao zabadilika. Ni somo jema la historia kuliko tarehe nyingi, maana mtu hujifunza jinsi alivyo mwepesi wa kudhani kwamba watu wawili walioshikana mikono wapigana.

Waliopanda baadaye walikuwa wakulima na wafugaji, wenye lugha za jamii ya Kibantu. Wao walichora kwa rangi nyeupe, nene, iliyopakwa kwa kidole, na mara nyingi walichora juu ya zile nyekundu. Hawakujali wembamba wa mstari. Walichora alama, mviringo na nukta, na pengine wanyama. Mtu akizilinganisha na nyekundu aweza kuzidharau. Lakini zile nyeupe ni hati ya badiliko kubwa sana katika nchi yetu, yaani kuja kwa shamba na zizi. Kwa Warangi waliokaa chini ya mlima huo, mwamba ulikuwa mahali patakatifu. Mvua ikikawia, wazee walipanda na mbuzi na pombe kuomba. Mgonjwa akishindikana, alipelekwa huko. Mahali penyewe huitwa Mungumi wa Kolo, na ibada hizo hazikukoma. Wazee huenda hata leo.

Kisha walikuja watu ambao hawakuwa na haja na picha wala mvua. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwezi wa Aprili mwaka 1916, askari wapanda farasi wa jenerali Van Deventer, kutoka Afrika Kusini, waliutwaa mji wa Kondoa katikati ya mvua kubwa. Mwezi wa Mei Wajerumani wa Von Lettow-Vorbeck waliwashambulia usiku, nao hawakufaulu. Baadaye walirudi nyuma, na mwezi wa Julai Dodoma nayo ikaingia mikononi mwa Waingereza. Vita hivyo vilipita, lakini viliacha uvumi. Watu walisema, na hata sasa wako wasemao, kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia fedha mapangoni, na kwamba michoro ni alama za kuonyesha mahali. Kwa sababu ya uvumi huo wako waliopanda usiku na sururu wakachimba chini ya miamba. Hazina hawakuipata. Walichokifanya ni kuchanganya udongo wa juu na wa chini, na udongo wa namna hiyo ni kama kitabu kilichochanwa kurasa zake na kuchanganywa. Bingwa wa mambo ya kale hawezi tena kusoma kipi kilitangulia na kipi kilifuata.

Wenye elimu nao walipanda. Katika miaka ya 1920 bwana mmoja, T. A. M. Nash, alikuwa hapa Kondoa akichunguza habari za mbung'o, na mwaka 1929 aliandika katika gazeti la wataalamu la Uingereza habari za picha alizoziona. Husemwa kwamba alizigundua, lakini wasikilizaji watatusamehe tukisema kwamba wenyeji hawakungoja mbung'o ili wazijue. Mwaka 1935 walifika Bwana Louis Leakey na Mary, ambaye baadaye akawa mkewe. Bibi huyu alikuwa binti wa mchoraji, na alipokuwa mtoto baba yake alimpeleka kuyaona mapango yenye picha za kale huko Ufaransa. Kwa hiyo alipoyaona ya Kolo hakuyasahau. Mwaka 1951 walirudi, wakakaa miezi mingine wakinakili picha kwa kuweka karatasi angavu juu ya mwamba na kufuata mistari, wakapata picha zipatazo 1,600. Kitabu chake hakikutoka mpaka mwaka 1983, na jina alilokipa, likiwa kwa Kiingereza, maana yake ni sanaa ya Afrika inayotoweka. Hakulichagua jina hilo ovyo. Zile picha alizoziona akiwa msichana zilikuwa zimefifia machoni pake mwenyewe.

Hapa ndipo twafika kwenye kosa letu.

Miaka kadhaa iliyopita tulipanda Kolo mara ya kwanza, walimu wawili na wanachuo 14. Kiongozi wetu, mzee wa Kirangi, alibaki nyuma kidogo akiwasaidia wanachuo wawili waliochoka. Sisi tulitangulia tukafika mwambani, na hatukuona vizuri. Picha zilikuwa hafifu, nasi tulikuwa tumewaahidi wanafunzi mambo makubwa. Tulikuwa tumesikia mahali kwamba picha ikilowa huonekana wazi. Basi tukachukua chupa ya maji tukaurushia mwamba. Mara twiga wawili wakatokea, wekundu, kana kwamba wamechorwa asubuhi ile. Wanafunzi wakapiga makofi. Mmoja akafungua chupa yake naye, na mwingine, na mwingine.

Mzee alifika akatukuta hivyo. Alisimama kimya, akatazama maji yaliyokuwa yakichuruzika mpaka chini. Wanafunzi wakamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, wanangu." Kisha akasema, "Mwalimu, maji yale yaliyofika chini, yatazame rangi yake."

Tukatazama. Hatukuweza kusema kwa yakini kwamba yalikuwa mekundu, wala hatukuweza kusema kwamba hayakuwa. Mzee akaendelea, "Kila mgeni husema ni maji kidogo tu. Nami nimeleta wageni wengi hapa."

Tuliona haya mbele ya wanafunzi wetu. Nayo haya ikikosa pa kwenda hutafuta mtu wa kugawana naye. Basi tukamwuliza mzee swali ambalo hatukupaswa kuuliza wakati ule: "Na ninyi, mzee, mnapokuja na pombe mkaumwagia mwamba, je, pombe si maji?"

Hakukasirika. Alijibu, "Ni maji. Lakini pombe ile hatuileti ili tuone picha. Twaileta ili mvua inyeshe."

Sisi tulisomeshwa katika shule ya misheni, na tulipokuwa wadogo tulifundishwa kwamba mambo kama hayo ni ya giza, yafaa kuachwa. Jibu tulikuwa nalo tayari tangu darasa la nne. Lakini pale mwambani halikutoka kinywani, maana mikononi tulikuwa na chupa tupu. Mzee aliiletea miamba heshima, na heshima yake yaweza kuwa imeidhuru. Sisi tuliileta elimu, na elimu yetu iliidhuru saa ile ile, wala hatukuomba mvua.

Shauri hili ni zito kuliko lionekanavyo. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuhifadhi vitu vya kale mwaka 1937, na Tanzania huru ina sheria yake tangu mwaka 1964. Zamani vizuizi vya miti na wavu wa chuma vilijengwa mbele ya baadhi ya miamba, lakini wavu na miti vilichukuliwa na watu wakavitumia kwa kazi nyingine. Mwenye kijiji hakuona sababu ya kuulinda wavu uliomfungia mahali pa babu zake. Mwaka 2006 Shirika la UNESCO liliiandika michoro ya Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia: miamba zaidi ya 150 yenye picha, katika eneo la kilometa za mraba 2,336. Na katika sababu zilizotajwa, haikuwa picha peke yake. Zilitajwa pia ibada na imani ambazo wenyeji bado wanazo kwa miamba hiyo. Basi tazameni ugumu wake. Pombe imwagwayo ni sehemu ya urithi, na picha inayofutwa na pombe ni sehemu ya urithi ule ule. Jiwe halijui nia ya mtu. Hulowa sawasawa kwa mwenye kuomba na kwa mwenye kutazama tu.

Wengine husema, wazee wakatazwe. Wengine husema, mahali ni pao, waachwe. Sisi twaona kwamba neno la kwanza lafaa lisemwe na wazee wenyewe, wakikaa pamoja na watu wa mambo ya kale kama wenzi, wala si kama washitakiwa. Mahali pakipoteza picha, wazee nao watakuwa wamepoteza kitu. Hilo walijua kuliko sisi. Lakini mgeni wa siku moja hana fungu katika mabishano hayo. Yeye hana mvua ya kuomba. Kwake neno ni moja tu: asiguse, asimwage, asiandike jina lake, asiokote hata kijiwe.

Baada ya maneno yale mzee alituongoza juu zaidi, tukakaa kwenye mawe tukala viazi vitamu, karanga na ubuyu. Toka hapo macho huenda mbali sana. Upande wa mashariki mbuga hulala mpaka zikageuka buluu. Upande wa pili huonekana milima ya Irangi na makorongo yake, mengine mapana kama mto, yaliyochimbwa na mvua katika ardhi iliyochoka kwa mifugo mingi na kukatwa miti. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyojulikana kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika sehemu zilizoharibika za Kondoa, makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Majani yalirudi, na miti ikaota katika makorongo. Lakini mzee alituambia kwamba siku ile ng'ombe wa baba yake walipoondoka, mama yake hakuwasha moto jioni. Jambo laweza kuwa la faida, na bado likaumiza. Mwanafunzi wa historia akumbuke yote mawili, wala asilifute moja kwa ajili ya jingine.

Basi, ninyi wanafunzi mliofunga shule, na ninyi wazazi mnaotafuta kazi njema ya kuwapa watoto siku moja ya likizo, fanyeni safari hii, au ya kilima chochote kilicho karibu nanyi. Ondokeni mapema, kungali baridi. Vaeni viatu vigumu, chukueni fimbo, na maji ya kutosha ya kunywa; tumekwisha sema kazi ambayo si yake. Waambieni wenyeji mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Mkiona nyuki, piteni mbali. Kiongozi asemapo simama, simameni. Chukueni daftari na kalamu, mkae mbele ya picha moja tu kwa nusu saa, mkaichore kama mwonavyo. Nusu saa yatosha macho kuzoea kivuli, nayo picha itajitokeza yenyewe bila tone la maji. Hili tumelijaribu tangu siku ile, kila tupandapo, na halijapata kutuangusha.

Wahenga walisema, milima haikutani, watu hukutana. Wawindaji wa ngeu, wakulima wa rangi nyeupe, wazee wa mvua, wachimba hazina na bibi wa karatasi angavu wamepita wote chini ya upenu ule mmoja, na waliotutangulia kwa miaka mingi wametuachia kitu cha kutazama. Siku ile tulipoteremka jua lilikuwa limeshuka, na wale twiga wawili walikuwa wamekauka wakarudi kuwa madoa. Mzee alipotuaga barabarani alisema, "Mwalimu, mwakani uje tena na wengine." Tulikwenda. Chupa zetu zilibaki mifukoni.